Tupeane uzoefu: Gharama za Brexit zinapimwaje, na zinatufikiaje huku Nyanda za Juu Kusini?

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Wakuu, heshima kwenu. Kila Brexit (Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya) inapotajwa hapa Mbeya ubishi ni uleule: huyu anasema Waingereza wamejiangamiza kiuchumi, yule anasema tulitishwa bure na hakuna kilichoanguka. Kura ya maoni ilipigwa 23 Juni 2016. Waliotaka kutoka walipata 51.9%, waliotaka kubaki 48.1%. Nchi ikatoka rasmi 31 Januari 2020, na kanuni mpya za biashara zikaanza kutumika 1 Januari 2021. Naomba kila anayechangia azitenganishe tarehe hizo tatu, maana sehemu kubwa ya ubishi inatokana na kuzichanganya.

Wenye kujua uchumi, fedha, forodha, kahawa, chai na parachichi, karibuni. Habari za maisha yetu tuziweke kando, tuleteane hesabu, karatasi zinazotakiwa na mahali mambo yanapokwama.

Mchumi, Iringa

Kamwene. Nianze na kipimo, kwa sababu bila kipimo tutapigizana kelele tu.

Wabishi wa pande zote hulinganisha Uingereza ya kabla na ya sasa. Hicho si kipimo. Kinachotakiwa ni kujua Uingereza ya leo ingekuwaje kama ingebaki, na kwa kuwa nchi hiyo haipo, lazima ikadiriwe. Njia moja ni kuchukua nchi kadhaa ambazo kabla ya 2016 uchumi wao ulikwenda sambamba na wa Uingereza, kuipa kila moja uzito wake hadi mchanganyiko wao ufuate mstari wa Uingereza kwa karibu, halafu kutazama mistari hiyo miwili inaachana kiasi gani baada ya kura. Mtafiti John Springford alifanya hivyo akapata pengo la takriban 5.5% ya pato la taifa kufikia katikati ya 2022. Wanaompinga wana hoja ya haki: Marekani ina uzito mkubwa katika mchanganyiko wake, na Marekani ilimwaga fedha nyingi wakati wa korona. Hapo sehemu ya pengo inaweza kuwa ya Marekani kufanya vizuri, wala si ya Brexit.

Njia ya pili ni ya OBR, ofisi huru inayoandaa makadirio ya uchumi na bajeti ya Uingereza. Wao wanaanzia kwenye biashara: vikwazo vipya vitapunguza mauzo na manunuzi ya nje kwa takriban 15%, na hilo litashusha tija kwa takriban 4% kwa muda mrefu, ukilinganisha na kubaki. Hiyo 4% watu huisoma vibaya. Haina maana kwamba kila mwaka wanapoteza 4%. Maana yake ni kwamba kiwango chenyewe kinakuwa chini kwa 4%, na kinashuka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ndiyo maana hutaona siku moja ambayo uchumi "umeanguka".

Upande wa pili mchumi Patrick Minford alikadiria faida ya 4%. Hesabu yake ilichukulia kwamba Uingereza ingefuta ushuru kwa dunia nzima bila kungoja mtu. Serikali haikufanya hivyo, kwa hiyo namba yake haiwezi kutumika kutetea kilichotokea.

Mtetezi wa kutoka, Mbeya

Nakushukuru mchumi, lakini tusiwasahau waliotisha watu. Mei 2016 Hazina ya Uingereza ilitabiri kwamba kura ya kutoka ingeleta mdororo mara moja na kuongeza wasio na ajira kwa takriban 500,000 ndani ya miaka miwili. Mdororo haukuja, na ukosefu wa ajira ulishuka hadi chini ya 4% kufikia 2019. Mwananchi aliyepewa utabiri huo ana haki ya kutoamini unaofuata.

Na uhuru wa kujiamulia ushuru una thamani. Aprili 2025 Marekani ilipotangaza ushuru mpya, Uingereza ilipangiwa 10% na Umoja wa Ulaya 20%, ambao baadaye ulishuka hadi 15%. Tofauti hiyo isingekuwepo kama wangekuwa ndani.

Mchumi, Iringa

Hoja zote mbili nazikubali. Utabiri wa muda mfupi ulikosea, na sababu mojawapo ni kwamba Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba kutoka 0.5% hadi 0.25% tarehe 4 Agosti 2016 na kuongeza fedha sokoni. Isitoshe, kwa miaka minne na nusu baada ya kura, kanuni za biashara zilibaki zilezile. Lakini ukipima ahadi kwa haki, pima na ile ya basi jekundu la kampeni ya kutoka, kwamba Uingereza ilikuwa ikipeleka Umoja wa Ulaya pauni milioni 350 kwa wiki. Hiyo ilikuwa namba kabla ya punguzo la Uingereza na kabla ya fedha zilizokuwa zikirudi kwa wakulima na watafiti wao. Ukishatoa hizo inabaki takriban nusu.

Mtu wa fedha, Mwanjelwa

Mimi naongelea pauni tu. Usiku wa kuhesabu kura ilishuka kutoka takriban dola 1.50 hadi karibu dola 1.32, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1985. Hii ndiyo athari iliyokuja papo hapo, na ndiyo ilipandisha bei za vitu vya nje kwa Waingereza mwaka uliofuata.

Kwa muuzaji wa huku hesabu yake ni hii. Tuchukulie dola ni shilingi 2,200 kwa urahisi. Mkataba wa pauni 10,000 kwa 1.50 unakupa shilingi 33,000,000. Kwa 1.32 unakupa 29,040,000. Karibu milioni nne zimekwenda na mzigo ni uleule. Kwa hiyo:

Bei iandikwe kwa dola au yuro kama gharama zako za meli, vifungashio na mbolea zinafuata dola. Mnunuzi akishikilia pauni, mkataba utaje kiwango cha kubadilishia na tarehe yake (siku ya kupakia, wala si siku ya kulipwa), na uweke mpaka: pauni ikisogea zaidi ya 5% bei inajadiliwa upya. Wengi huandika sarafu bila kuandika tarehe ya kiwango, na hapo ndipo pesa inapopotelea.

Parachichi, Njombe

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe, maana hapa ndipo Brexit inagusa karatasi zetu moja kwa moja.

Kontena la futi 40 la parachichi aina ya Hass hubeba takriban paleti 20, katoni 264 kila paleti, kilo 4 kila katoni. Hiyo ni katoni 5,280, tani 21 na ushee. Kabla ya 2021 kontena likishuka bandari ya Rotterdam, Uholanzi, linakliwa (linamaliziwa taratibu za forodha) mara moja, na baada ya hapo nusu inaweza kupelekwa Uingereza kwa lori bila forodha nyingine. Sasa ni mipaka miwili.

Tanzania ni nchi yenye maendeleo duni, kwa hiyo tunaingia bila ushuru pande zote mbili. Umoja wa Ulaya ni kwa mpango wa Everything But Arms (kila bidhaa isipokuwa silaha), Uingereza ni kwa mpango wake wa upendeleo kwa nchi zinazoendelea, DCTS, ulioanza 19 Juni 2023. Watu husikia "bila ushuru" wakalala. Msamaha huo haujitokezi wenyewe, unadaiwa kwa karatasi, na karatasi hazifanani:

Kwa Umoja wa Ulaya, mzigo wa zaidi ya yuro 6,000 unahitaji tamko la asili (linaloeleza mzigo umezalishwa nchi gani) kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa kwenye mfumo wa REX. Kwa Uingereza REX haitumiki. Unatumia Fomu A (cheti cha asili) au tamko la asili kwenye ankara. Ukituma tamko la REX peke yake London, wakala wa kule anaweza kukwama nalo.

Tatizo kubwa zaidi ni mzigo unaopitia Rotterdam kwenda Uingereza. Ukishakliwa na kuingia soko huru la Ulaya, ukivuka tena unaweza kupoteza haki ya msamaha, kwa sababu mzigo unatakiwa ubaki chini ya uangalizi wa forodha njia nzima. Dawa yake ni kuamua mapema, kabla meli haijafika: paleti za Uingereza ziende kwa hati ya T1 (ya mzigo unaopita tu chini ya forodha), zisikliwe Rotterdam, na zitengwe tangu kwenye banda la kufungia kwa ankara yake na orodha yake ya upakiaji. Kuzitenganisha zikiwa kule ndiko kunakochelewesha. Msiwe na shaka na uzito wa jambo hili; Marks & Spencer wenyewe, kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, Januari 2021 walijikuta na pipi za Percy Pig, zilizotengenezwa Ujerumani na kuingizwa Uingereza, zikidaiwa ushuru zilipopelekwa Ayalandi. Sababu ni kanuni hiyohiyo ya asili.

Ucheleweshaji kwa parachichi haupimwi kwa ada peke yake. Tunda limevunwa likiwa na kiasi kikavu (kisicho maji) cha angalau 21%, linasafiri kwenye nyuzi 5 hadi 6, na muda wake wa dukani tayari umeliwa na bahari. Siku mbili za kubishania karatasi zinahamia moja kwa moja kwenye katoni zinazokataliwa kwa ulaini.

Mchangiaji, Makambako

Mkuu wa Njombe, ni nani anatakiwa kuwa mwingizaji kwenye karatasi? Na zile ada za mpakani?

Parachichi, Njombe

Swali muhimu. Mnunuzi awe na namba ya EORI (ya usajili wa forodha) inayoanza na GB kwa Uingereza. Ile ya Uholanzi au Ufaransa haifanyi kazi ng'ambo ya pili. Ireland ya Kaskazini inatumia XI. Omba namba hizo kabla ya kusaini, si meli ikiwa baharini. Ada: tangu 30 Aprili 2024, mizigo inayostahili ukaguzi ikipita Dover au njia ya chini ya bahari inatozwa hadi pauni 29 kwa kila aina ya bidhaa, mwisho pauni 145 kwa mzigo. Mkataba useme nani analipa. Cheti cha afya ya mimea ni cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, kama kawaida, kitaje nchi sahihi ya mwisho.

Kahawa, Mbozi

Kwetu ushuru si hoja, kahawa mbichi haitozwi kwingi. Tofauti ni sheria ya Ulaya ya kuzuia mazao yaliyotokana na ukataji misitu. Inaihusu kahawa; chai na parachichi hazimo, na Uingereza bara haitumii sheria hiyo. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini anayetaka soko la Ujerumani au Italia lazima awe na ramani za mashamba. Shamba la chini ya hekta 4 linatosha nukta moja, tarakimu sita baada ya desimali. Zaidi ya hapo ni mzunguko mzima wa mipaka. Ardhi isiwe imefyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020.

Makosa yanayoharibu orodha za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika): nukta kuchukuliwa nyumbani kwa mkulima badala ya shambani, tarakimu kukatwa zikabaki mbili, ambapo kosa linafika kilomita moja, na kusahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Bila alama hiyo shamba la Mbozi linasomeka liko Sudan Kusini. Na kahawa isiyo na nukta ikichanganywa na yenye nukta kwenye mtambo, mzigo wote umechafuka.

Chai, Tukuyu

Ugonile. Chai yetu nyeusi huuzwa mnadani kwa dola na haina ushuru wa maana kule. Brexit kwetu ilikuwa pauni tu.

Mchumi, Iringa

Niongeze moja linalosahaulika. Julai 2016, wiki chache baada ya kura, Tanzania ilitangaza haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi (EPA) kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Sababu kuu ilikuwa kulinda viwanda vya ndani, na msukosuko wa Brexit ulitajwa waziwazi. Kenya, ambayo haimo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, iliusaini, kama ilivyofanya Rwanda, Septemba mwaka huo, na Desemba 2020 ikasaini wake na Uingereza. Sisi tunategemea upendeleo wa kundi hilo. Siku tukitoka humo bila mkataba wala upendeleo mwingine, ushuru wa parachichi Ulaya ni 4% au 5.1% kulingana na miezi. Kwa kontena la thamani ya yuro 40,000 hiyo 5.1% ni yuro 2,040.

Parachichi, Njombe

Na wanaosaini mikataba ya misimu miwili au mitatu waangalie hili: 19 Mei 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walikubaliana kutafuta mkataba wa pamoja wa afya ya mimea na wanyama. Ukikamilika, viwango vya mabaki ya viuatilifu ambavyo sasa kila upande unajipangia vitarudi kufuata vya Ulaya. Anayepulizia kwa kufuata orodha ya Uingereza pekee ahakiki kila kiambato dhidi ya orodha ya Ulaya kabla ya kununua dawa za msimu ujao.