Chemsha bongo za mafumbo: majibu ninayo, njia siioni

Miraba_Kumi

Wakuu, habari za leo. Najaza chemsha bongo za maneno yanayokatana kwenye jedwali la miraba. Za kawaida hazinisumbui, zile za "mji mkuu wa Uganda (7)". Hizi za mafumbo ndizo zinanitoa jasho. Nina vidokezo sita pamoja na majibu yake, lakini sioni jibu linatokea wapi. Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi.

1. Samaki wamechakachuliwa msimu wa mvua (6) – MASIKA
2. Utulivu ukirudi nyuma, pinda mgongo (5) – INAMA
3. Victoria na Tanganyika hunywewa (6) – MAZIWA
4. Nyama ya sambusa imemeza kikanushi. Hapo huchotwa maji (6) – KISIMA
5. Tukio lililokatwa kichwa hutaga ufukweni (4) – KASA
6. Kazi kwa kinyume: fukia (4) – ZIKA

Mtu anajuaje kidokezo akikate wapi? Na kwenye 1, mimi nilijaza KAMASI. Herufi zote zimo. Kosa liko wapi?

FundiFumbo

Mkuu, kila kidokezo kina vipande viwili. Kimoja ni fasili, yaani maana ya jibu. Kingine ni mchezo, yaani maelekezo ya kupata herufi. Fasili hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Kwa hiyo anza na maneno mawili matatu ya mwanzo, kisha ya mwisho, na kila mara jiulize: hili peke yake linaweza kuwa maana ya neno lenye herufi idadi hiyo? Habari inayosimuliwa na sentensi nzima iache, imewekwa ikupoteze.

Sasa namba 1. "Wamechakachuliwa" ni kiashiria kwamba herufi zimevurugwa. Viashiria vya aina hiyo ni vingi: koroga, pangua, fujo, lewa, tibuka. Kinachovurugwa kimekaa jirani na kiashiria: SAMAKI, herufi sita, na jibu ni la herufi sita. Hesabu hiyo ifanye kwanza kabla ya kitu kingine. Kinachobaki ni "msimu wa mvua", na hiyo ndiyo fasili. Kamasi si msimu. Herufi hizohizo zinatoa pia MAKASI, kwa wanaouita mkasi hivyo, kwa hiyo mchezo peke yake hautoshi. Jibu lazima lipite milango yote miwili.

Namba 3 haina herufi za kuchezea, ni fasili mbili zilizobandikwa pamoja. Victoria na Tanganyika ni maziwa, na maziwa hunywewa. Kidokezo kikiwa kifupi hivyo, maneno matatu manne na hakuna kiashiria chochote, shuku fasili mbili.

Namba 4: nyama ya sambusa ni KIMA. Wengi wataanza kumfikiria yule mnyama wa mtini, kumbe ni nyama ya kusaga. Imemeza kikanushi, yaani neno la kukana, SI, kwa hiyo SI inaingia tumboni: KI-SI-MA. Sentensi yenyewe siipendi, hakuna anayesema nyama imemeza kikanushi. Lakini hesabu yake ni safi.

Namba 5: tukio ni MKASA. Kata kichwa, yaani herufi ya kwanza, unabaki na KASA, anayetaga mayai yake kwenye mchanga wa pwani.

Angalia vitenzi sasa, maana hapa ndipo Kiswahili kina utamu wake. Upatanisho wa ngeli huvujisha siri. Mtungaji angeandika "anataga" ungejua papo hapo kwamba fasili ni ya kiumbe hai na haihusiani na "tukio lililo-". Ndiyo maana kaandika "hutaga". Hu- haina ngeli, kwa hiyo inashona vipande viwili na mshono hauonekani. Kwenye 3 ni "hunywewa", kwenye 4 "huchotwa". Ukiona hu-, au kitenzi cha amri kama "pinda" na "fukia", jaribu kukata hapo kwanza.

Silabi_Tatu

Nakubaliana na FundiFumbo, ila 2 na 6 hazijaguswa, na zina mgogoro kati yao.

Namba 2 inageuza herufi moja moja: A-M-A-N-I ikisomwa kutoka mwisho ni I-N-A-M-A. Safi kabisa. Namba 6 ukiifanyia hivyo unapata IZAK, ambayo si kitu. Pale kinachogeuzwa ni silabi: KA-ZI, ZI-KA. Kanuni mbili katika jedwali moja, na msomaji hajaambiwa. Hilo ni kosa la mtungaji, si lako.

Tena neno "kinyume" lenyewe lina utata. Kwa watu wa pwani, kuzungumza kinyume ni kuitanguliza silabi ya mwisho: maji yanakuwa "jima". Kwa neno la silabi mbili hakuna tofauti. Zikifika tatu, zinaachana. Chukua KARIBU: kinyume cha pwani ni BUKARI, silabi zikipangwa kutoka nyuma ni BURIKA, herufi zikigeuzwa ni UBIRAK. Mtungaji aandike juu ya jedwali ni ipi anayoitumia. Papo hapo aseme pia kama CH, SH na NG' ni mraba mmoja au zaidi, maana hesabu ya kwenye mabano inategemea hilo.

Kipimo cha haraka cha kugeuza herufi: maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Neno likigeuzwa, irabu hiyo inakuja mbele. Basi kama mraba wa kwanza wa jibu umeshapata konsonanti kutoka kwa neno linalolikata, hapo hakuna kugeuza herufi, tafuta njia nyingine. Na neno linalogeuzwa nalo lazima lianze na irabu, kama amani, la sivyo jibu litaishia na konsonanti. Ndiyo maana michezo hii ni adimu kwetu, na AMANI/INAMA ni lulu.

Miraba_Kumi

Shukrani wakuu. Swali dogo: zile za kuvuruga herufi mnazifanyaje bila kuandika kurasa nzima? Herufi sita ni mipangilio mingi.

FundiFumbo

SAMAKI ina mipangilio 360 ukihesabu kibubusa. Tenga konsonanti S, M, K na irabu A, A, I, kisha panga konsonanti-irabu mara tatu. Inabaki 18 tu, na SAMAKI, MASIKA, KAMASI na MAKASI yote yamo. Ila usisahau kwamba M inaweza kusimama bila irabu, kama kwenye mkasi. Ikiwa 18 hazikuzaa kitu, irudie ukiwa umeiweka M peke yake.

Silabi_Tatu

Nyongeza moja kuhusu vidokezo vya kusikia, yaani vinavyochezea matamshi. Kwa Kiingereza kuna maneno mengi yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti, na watungaji wa kule wanayatumia sana. Sisi tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo mlango huo karibu umefungwa. Upenyo uliobaki ni kama huu: "Tafuna, kwa anayechanganya r na l, ni haki ya raia (4)". KULA inakuwa KURA. Ukitumia mara moja kwa jedwali inatosha, zaidi ya hapo inachosha.

Na kuhusu haki: Uingereza, mtindo huu ulikokomalia, D. S. Macnutt aliyetunga kwa jina la Ximenes katika The Observer kuanzia 1939 alisisitiza fasili sahihi, mchezo wa haki, na pasiwe na neno la ziada. Pima namba 6 kwa kipimo hicho. Fasili ipo, maneno ya ziada hayapo, lakini mchezo hausemi unageuza nini. "Silabi za kazi kwa kinyume: fukia" ingepita.

Jaribu hiki, hakuna kuvuruga wala kugeuza: "Ndani ya koti muruwa mna wachezaji (4)".

Miraba_Kumi

TIMU. Imejificha ko-TI MU-ruwa. "Ndani ya" ndicho kiashiria, na "mna" ndiyo mshono.