Mtoto kiziwi bwenini anaonyesha dalili za kudhulumiwa, uongozi unataka tuyamalize ndani: nianzie wapi?

Matroni wa Bweni

Ndugu wanajukwaa, mimi ni matroni katika bweni la wanafunzi viziwi wa shule ya msingi, Kanda ya Ziwa, na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu wa ustawi wa jamii, afya na sheria. Katika bweni la wavulana wadogo yupo mtoto wa darasa la tatu ambaye tangu muhula huu uanze amekuwa akikojoa kitandani, jambo ambalo hakuwa nalo, anakataa kuvua nguo za shule wakati wa kulala, na jua likizama hunifuata kila ninakokwenda, hata jikoni. Wiki iliyopita alirudia mbele yangu alama tatu za lugha ya alama: usiku, kitanda, na alama ya jina la mfanyakazi mmoja wa kiume wa zamu ya usiku. Hakuendelea, nami sikumlazimisha.

Nilimweleza mkuu wangu wa kazi. Alinisikiliza kwa utulivu, lakini uamuzi wake ni kwamba aitwe mfanyakazi huyo, aitwe na mtoto, mwalimu mmoja atafsiri, na jambo liishie kikaoni kabla halijatoka nje na kuichafua shule. Wazazi wako wilaya nyingine, na mtoto hawezi kuzungumza nao kwa simu. Kila salamu inayokwenda nyumbani hupita kwa mtu mzima wa hapa shuleni. Hata alama zenyewe bado ni chache kwake, kwa kuwa alianza shule akiwa na miaka minane, akitoka katika nyumba ambayo hakuna anayejua lugha hiyo. Je, ninao wajibu wa kisheria wa kupeleka taarifa nje bila idhini ya mkuu wangu, wakati sina uhakika wa kilichotokea? Na nizungumze naye vipi bila kumwongezea maumivu wala kuharibu ushahidi?

Afisa Ustawi, mstaafu

Dada Matroni, wajibu huo unao, na hauhitaji ruhusa ya mtu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Taarifa unayo tayari. Kuithibitisha ni kazi ya wengine, na ukijaribu kuifanya wewe au kikao cha walimu, mtakuwa mmewaharibia watakaokuja baada yenu. Nenda leo kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Usipompata, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, au piga namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo.

Kikao hicho kizuie kwa heshima zote. Mtoto akiwekwa mbele ya mtu anayemwogopa atakana, kisha kukana kwake kutaandikwa na kutumika dhidi yake siku zote zitakazofuata, na mtu huyo atakuwa amejulishwa mapema nini kinasemwa na nani anakisema. Mwombe mkuu jambo moja tu kwa jioni ya leo: anayetajwa asiingie zamu na asikaribie mabweni. Kumwondoa mtu kazini kupisha uchunguzi si adhabu.

Kwa mtoto, kaa naye na umwonyeshe kwamba unamwamini na kwamba hana kosa. Akieleza, mwache aeleze. Usimwulize kama fulani alifanya hivi au vile. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu, kwa sababu ahadi hiyo utaivunja, naye ameshavunjiwa imani mara moja. Andika tarehe, saa, alama ulizoziona kama zilivyofanywa na nani mwingine alikuwepo, uweke sahihi, na karatasi hiyo usiiache katika ofisi ya shule.

Muuguzi wa Zamu

Naongeza la afya, kwa sababu hapa muda ni mali ya mtoto. Kama kuna dhana ya kuingiliwa kimwili katika siku tatu zilizopita, afikishwe hospitali bila kusubiri kikao chochote, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina faida zikianza baada ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa. Asiogeshwe kwanza, na nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi bila kufuliwa. Fomu ya polisi namba 3 ni muhimu kwa kesi, lakini isimcheleweshe kutibiwa. Ulizia kama hospitali ya wilaya au ya mkoa ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambamo tabibu, polisi na afisa ustawi hupatikana mahali pamoja, ili mtoto asizungushwe ofisi hadi ofisi akirudia habari ileile.

Hata kama siku zimepita, apelekwe. Magonjwa yapo, majeraha yapo, na kwa mtoto asiyesikia ni lazima kila hatua ya uchunguzi ionyeshwe kwa mikono na picha kabla ya kuguswa. Kushikwa mwili ghafla na mgeni, bila maelezo anayoyaelewa, ni kumrudisha kwenye hofu ileile.

Mwalimu Mlezi

Sipingi yaliyosemwa, ila ninaomba tuwe waangalifu. Mtoto anaweza kukojoa kitandani kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa upweke wa kuwa mbali na mama yake, au kwa kuonewa na wenzake wakubwa. Nimeona mtu akipoteza jina lake kijijini kwa neno lililotamkwa kabla ya kuchunguzwa, na jina hilo halikurudi.

Mwana wa Bweni

Mimi ni kiziwi na nimekulia bwenini tangu darasa la kwanza. Hoja ya Mwalimu ninaipokea, na kwa sababu hiyohiyo ninasisitiza jambo hili lichunguzwe na watu wa nje wenye lugha. Alama za majina yetu hufanana. Watu wawili wanaweza kuitwa kwa kidole kilekile, mmoja kikiwekwa shavuni na mwingine kidevuni, na asiyezoea hataona tofauti. Matroni aandike umbo la mkono na mahali ulipogusa, asiandike jina analodhani yeye.

Mkalimani asiwe mwalimu wa shule hiyo. Hata akiwa mwaminifu kabisa, mtoto amemwona akila meza moja na anayetajwa, na hilo linatosha kumfunga mikono. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kuwasaidia kupata mkalimani. Kwa mtoto mwenye alama chache ninashauri wakae wawili: mtu mzima kiziwi, ambaye huzielewa haraka zile alama za nyumbani ambazo kila familia hujitungia, na mkalimani anayesikia, ambaye atayapeleka hayo kwa Kiswahili. Apewe karatasi na penseli, achore anachotaka yeye. Wala asiwepo wa kuwaambia kwamba kesi haiwezekani kwa kuwa mtoto hasemi. Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kueleza kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama.

Sasa nizungumzie taa, kwa sababu wanaosikia hawaifikirii. Taa za bweni zikizimwa, lugha yetu inazimika nazo. Gizani mtoto kiziwi hasikii hatua za anayekuja, hawezi kuuliza wewe ni nani, na akiinua mikono kuomba msaada hakuna anayeiona. Mwenye nia mbaya anajua hivyo vizuri. Bweni la viziwi linahitaji taa ndogo inayowaka usiku kucha kwenye korido, watu wazima wawili katika kila zamu na kamwe si mmoja, na tochi mikononi mwa kila mtoto. Linahitaji pia kuwafundisha watoto alama za viungo vyote vya mwili, bila kuona haya, na alama za “sitaki” na “alinigusa”. Shuleni tulifundishwa alama za wanyama wa mbugani, na sehemu za miili yetu zikaachwa bila alama. Mtoto asiye na alama ya kitu kilichomtokea atatumia alichonacho, na huyu ametumia vitu vitatu: usiku, kitanda, jina. Kwa umri wake na lugha aliyo nayo, hayo ni maelezo kamili.

Afisa Ustawi, mstaafu

Ninamshukuru ndugu huyu kwa somo la taa. Katika kaguzi za mabweni nilizoshiriki tuliuliza vyoo, magodoro na vyandarua, na swali hilo halikuwemo. Kwa Mwalimu ninaongeza kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uligundua kuwa takribani wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana tunawasahau mno, na dalili zao huitwa utundu.

Matroni wa Bweni

Ninawashukuru nyote. Nimekwenda ustawi wa jamii halmashauri, na afisa alifika na askari wa dawati. Kikao cha ndani hakikufanyika. Mfanyakazi anayetajwa ameondolewa kupisha uchunguzi, mtoto amepimwa hospitali, mama yake amefika, na mkalimani kutoka nje ya shule amepatikana. Nimebaki na jambo moja: wenzake bwenini wameanza kumnyooshea vidole, na uongozi unapendekeza arudishwe nyumbani hadi mambo yatulie.

Mwana wa Bweni

Akirudishwa nyumbani atarudi mahali pasipo na alama, na lugha ndiyo anayoihitaji zaidi sasa. Lakini aamue mama yake pamoja na afisa ustawi, na mtoto mwenyewe aulizwe kupitia mkalimani. Kuhusu wenzake, msiwakalishe kuwaeleza habari zake. Waeleze wote kwa alama kwamba kuna mtu mzima wa kumwendea wakati wowote, waonyeshe ni nani na analala chumba gani, kisha taa ya korido iwashwe usiku huohuo. Mwombe pia afisa ustawi azungumze na kila mvulana wa bweni lile faraghani, mkalimani huyohuyo akiwepo, kwa sababu huenda miongoni mwa wanaonyoosha vidole yupo mwenye habari ya kwake.