Naomba ushauri: jaketi jepesi la kupanda nalo Karisimbi

Ndugu zangu, tunajipanga kupanda Karisimbi, mita 4,507, kwa upande wa Rwanda, na tutalala hemani huko juu. Hapa Goma nimeona majaketi mawili ya mtumba. La manyoya ya bata ni jepesi mno, lakini kule mvua na ukungu ni kawaida, na manyoya yakilowa hushikana, joto likaisha. La nyuzi za polista ni zito kidogo, ila hata likilowa bado linatunza joto. Moyo wangu uko kwa hilo. Shida ni mabegani, pale mikanda ya begi inapokaa: nikilibonyeza naona nyuzi zimelala bapa kabisa. Je, zitafumuka tena nikilifua? Na saizi, niongeze moja ili nivae sweta ndani? Mliolala kule, nisaidieni kabla halijauzwa.