Probox za abiria Usagara–Sengerema: zipewe leseni au zitolewe barabarani?

MwanaUsagara
Wakuu, Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni 2025 na habari ya kusubiri kivuko ikaisha kwa mtu wa Sengerema na Geita. Kosta na Haisi zinapita, na michomoko inapita vilevile: Probox, Succeed, IST. Gari la viti vitano linabeba vichwa tisa, na nyingine bado zina namba za njano kama gari la mtu binafsi. Kuna wanaotaka LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iziingize kwenye utaratibu, zipewe leseni ya njia na kikomo cha vichwa. Wengine wanasema trafiki azitoe zote. Leteni hoja, na anayejua gari lenyewe atupe namba.

Fundi_Igoma
Namba ninazo. Probox ya mizigo Japani imeandikwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu 2, au kilo 250 ikiwa na watu 5. Wajapani wanamhesabu mtu kwa kilo 55. Ukipiga hesabu, watu 2 na mzigo ni kilo 510. Watu 5 na mzigo ni 525. Hapo dereva yumo ndani.

Sasa weka dereva na abiria tisa, kila mtu kilo 65: ni 650 kabla hujapakia begi. Ongeza gunia la dagaa na ndoo mbili tatu, umevuka 700. Gari limezidiwa karibu kilo 200, na hao waliozidi hawakai katikati. Wanakaa kwenye buti, nyuma ya ekseli. Pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi mno, taa zinampiga machoni anayekuja mbele. Tairi za mbele ndizo zenye diski na ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, lakini ndizo zimenyang'anywa uzito. Nyuma ni breki za ngoma. Mteremko mrefu mguu ukiwa kwenye pedeli, ngoma zinapata moto na gari linachelewa kusimama.

Tazameni na tairi. Toleo la 2014 lilitoka kiwandani na tairi za mizigo 155/80R14 zenye alama 88/86N. Hiyo 88 maana yake kilo 560 kwa tairi moja. Zikiisha, watu wanafunga 175/65R14 yenye alama 82, kilo 475. Kwa macho ni pana zaidi, gari linapendeza, kumbe umepunguza kilo 85 kila kona.

Hesabu_ya_Bosi
Fundi, nakuheshimu, ila umehesabu kilo hujahesabu shilingi. Tuseme nauli ni 5,000, mfano tu. Abiria wanne ni 20,000. Toa petroli, toa mpiga debe, toa hesabu ya bosi ya jioni, kisha fikiria kurudi na vichwa viwili. Dereva anajaza kwa sababu hesabu ya bosi haishuki siku ya mvua.

Na kwa nini kila mtu anakimbilia Toyota hii? Injini ni 1NZ-FE, sisi tunasema 1NZ, cc 1,496, inatumia cheni, kwa hiyo hakuna mambo ya kubadili mkanda wa taimingi. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye IST, Vitz, Raum, Spacio, Sienta, Premio na Allion za cc 1,500. Plagi, koili, pampu ya maji, maunti ya injini: ukikosa ya Probox unachukua ya IST. Gari likizima Misungwi saa nne asubuhi, mchana linaweza kuwa barabarani. Leta kampuni nyingine ya Japani yenye urahisi huo hapa Kanda ya Ziwa, niache kubishana.

Mzizi_wa_Corolla
Hapo kwenye spea umesema kweli, lakini historia ya gari lenyewe inakukataa kidogo.

Toyota ilizaliwa kwenye mashine za kufuma nguo. Mashine ya Sakichi Toyoda ilikuwa inajisimamisha yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kutoa kitambaa kibovu. Mwanawe Kiichiro akaanzisha idara ya magari mwaka 1933, na kampuni ya magari ikasimama peke yake mwaka 1937. Corolla ilitoka 1966, Haisi 1967. Probox ikaja Julai 2002 kurithi Corolla ya mizigo, pamoja na pacha wake Succeed. Mteja aliyelengwa hakuwa familia, alikuwa kampuni: mtu wa mauzo anayezunguka na maboksi ya bidhaa siku nzima. Vuta kile kimeza kidogo kwenye dashibodi, kimewekwa ili mtu huyo aandike risiti au ale akiwa ameegesha. Kiti cha nyuma ni chembamba na kimesimama wima kwa sababu kazi yake kubwa ni kulala, sakafu iwe bapa.

Kuna jambo jingine. Japani gari hili la mizigo, baada ya miaka 2 ya mwanzo, hukaguliwa kila mwaka. Lile linalofika bandarini Dar likiwa na kilomita nyingi na injini tulivu limepitia mikono ya kampuni iliyolazimishwa kulitunza. Tukilichukua tunasema Mjapani kaweka chuma. Chuma kipo, ndiyo, ila na ukaguzi ulikuwepo.

Wanaotaka leseni wasome herufi inayofuata namba kwenye kibao cha modeli. NCP50V, NCP51V na NCP55V ni za mizigo. NCP58G na NCP59G ni za abiria, kiti cha nyuma kina unene wa kukalika. Toleo la 2014 lina NSP160V, NCP160V na NCP165V: zote V, hakuna G hata moja. Mamlaka ikisema "Probox iruhusiwe" bila kutaja herufi, itakuwa imeruhusu gari la mizigo libebe watu kwa nauli.

Dada_Buchosa
Kaka zangu, V na G mtajua wenyewe. Kosta haiondoki mpaka ijae na haitoki kwenye lami. Anayeshuka njia panda na bado ana kilomita kumi za vumbi kwenda kwao anapanda nini? Usiku mama mjamzito anapelekwa hospitali na nini? Ukiondoa Probox abiria wanabaki pale pale, ila umewahamishia kwenye bodaboda, mishikaki watu watatu, hakuna hata bati la kuwakinga. Anayetaka zizuiwe aseme kwanza kesho yake asubuhi kitaletwa nini.

Kosta_Mbili
Dada, hilo la njia za vumbi hakuna mwenye gari kubwa atakayelipinga. Tatizo mchomoko hauendi huko. Unapiga lami ile ile tuliyolipia leseni ya njia na ukaguzi, unachukua abiria mbele ya Kosta iliyoanza kujaa, kisha unasema unasaidia wananchi. Wapewe leseni, sawa, lakini iandikwe kutoka njia panda kuingia vijijini. Lami waiachie gari zenye ratiba. Na namba zibadilike ziwe nyeupe kama za wengine wote.

Hesabu_ya_Bosi
Hapo Kosta unajitetea wewe. Abiria wa saa moja usiku pale Usagara utamchukua? Kosta ya mwisho ikishaondoka, lami inabaki ya nani?

Karatasi_za_Bima
Niingilie kwenye namba nyeupe, maana watu wanaona ni rangi tu. Gari la njano linakatiwa bima ndogo ya matumizi binafsi, na matumizi yameandikwa kwenye hati. Siku unapotoza nauli umetoka nje ya hayo matumizi. Likipinduka, mvutano wa kulipwa unaanzia kwenye mstari huo, na abiria ndiye anayesubiri. Hata la namba nyeupe, bima inakatwa kwa idadi ya viti. Viti 5 vimeandikwa, watu 10 wametolewa ndani: wale watano wengine hawamo kwenye karatasi yoyote. Kwa maoni yangu leseni bila kikomo cha vichwa haina maana, ni kumhalalishia mwenye gari na kumwacha abiria vile vile.

Fundi_Igoma
Nirudi kwenye gari, kwa sababu naona mnajadili vichwa kana kwamba gari linaloletwa kukaguliwa bado ni lile lililotoka Japani. Mengi yamechezewa.

Springi za nyuma za Probox ni za koili, na ekseli ni moja nzima. Zikikaa kwa uzito, mwenye gari anafanya moja kati ya mambo haya. Anapachika raba katikati ya koili: koili zilizobanwa hazichezi tena, uzito unahamia kwenye zile za juu na chini yake, springi inakatika hapo hapo. Au anaweka bampa za chuma chini ya springi ili gari linyanyuke. Hii ndiyo inanikera zaidi. Kuna fimbo inayolala kwa upana nyuma, upande mmoja imeshikwa na bodi na upande wa pili na ekseli, kazi yake kuzuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Urefu wake haubadiliki. Ukinyanyua bodi, fimbo inaivuta ekseli upande mmoja, na gari linatembea limekaa upande. Bushi za fimbo hiyo zikichoka, mkia unacheza kwenye kona na dereva analaumu upepo wa ziwa.

Mkaguzi anahitaji dakika kumi tu. Gari lisimame sehemu tambarare, likiwa tupu. Apime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kushoto na kulia. Zikitofautiana sana springi moja imekufa. Aangalie tairi za nyuma zimetokeza sawa pande zote mbili. Achungulie shokapu kama zimelowa oili, na zile raba za kugongea kama zimeliwa. Ainue kapeti la buti: akikuta benchi limechomelewa kwenye bati bila bolti kushika chesisi, gari hilo lisipewe leseni hata liwe na herufi ya dhahabu.

Giaboksi nayo isisahaulike. Toleo la kwanza la otomatiki lina gia 4 na linatumia oili ya T-IV. Toleo la 2014 ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ndani kuna mkanda wa chuma, na oili yake ni ya CVT peke yake. Ukimimina T-IV humo mkanda unateleza, injini inalia gari haliendi. Hata kwa oili sahihi, CVT yenye watu kumi kwenye mlima inachemka na kuisha mapema. Oili ya injini ni lita 3.7 ukibadili na filta, 5W-30, kila kilomita 5,000. Wanaovuta hadi 10,000 ndio wanaokuja kusema 1NZ inakula oili. Ringi zimeziba kwa masizi, si kosa la Toyota.

Mzizi_wa_Corolla
Basi kama shida ni viti, kwa nini tunang'ang'ania Probox? Sienta ya kwanza, NCP81G, ilitoka 2003 ikiwa na viti 7 vya kiwandani, na injini ni 1NZ ile ile. Spea ndizo hizo hizo alizotaja Hesabu ya Bosi. Dereva na abiria 6, kila mmoja na kiti chake, na bima inaandikwa viti 7. Leseni iseme hivyo, Probox zirudi kubeba mikate na maboksi.

Hesabu_ya_Bosi
Vichwa sita hapo tunaongea, hesabu inaweza kufika. Lakini umesahau mzigo. Sienta ukishanyanyua viti vya nyuma kabisa, buti limekwisha, labda uweke mkoba. Mtu wa ziwani hasafiri mikono mitupu.

Fundi_Igoma
Na NCP81 inayosukumwa na tairi mbili ni CVT, yenye gia 4 ni ile inayosukumwa na tairi zote nne, NCP85G. Atakayenunua kwa ajili ya vumbi la Buchosa atafute 85, japo inakunywa mafuta zaidi. Kuhusu mzigo, keria ya juu inafungwa, ila gunia la dagaa juu ya gari jembamba na refu namna ile ni kutafuta kupinduka. Mzigo uende kwa Kosta ya asubuhi.

Dada_Buchosa
Kosta ambayo haifiki kwetu.

Kosta_Mbili
Njia panda inafika, dada. Kutoka hapo Sienta ibebe watu, na gunia moja moja libebwe na bajaji ya mizigo. Swali langu kwa Karatasi za Bima: bajaji ile gunia likiwa juu na mwenye gunia amekaa juu yake, inaandikwa nini?