Mjadala: Mpaka ukifungwa ghafla, hasara ni ya mfanyabiashara asiyejiandaa au ya serikali isiyotoa taarifa?

Mwanzisha mada (mahindi, Arusha–Namanga)
Wadau, tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Siku tano baadaye zuio likaondoka, masharti yakabaki: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ionyeshwe mahindi yamelimwa wilaya gani. Fuso yangu ilikaa foleni siku tisa. Ukipenyeza mkono chini ya turubai, gunia lina joto kama mtoto mwenye homa.

Najua nitawaudhi, lakini naona kosa lilikuwa langu zaidi. Kipimo cha 10 hakikutungwa siku ile. Kimo kwenye viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mimi nilikuwa napima kwa kung'ata punje! Siku hizi sipakii kabla ya kupima unyevu, na sampuli inatangulia maabara. Mnasemaje?

Dalali, Kibaigwa
Kaka, unaongea kama mwenye semi tano. Mimi naokota gunia nane hapa, kumi kule, mpaka fuso ijae. Niandike wilaya ipi? Nipeleke sampuli ya nani? Maabara haiulizi kama una gunia 30 au 300, bei ni ya sampuli. Zuio la kushtukiza ni uonevu, tusilipambe.

Wakala wa forodha
Wa gunia 30 ana njia yake. Mzigo usiozidi dola 2,000 unapewa palepale mpakani cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani cha kuonyesha mzigo umetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kama bidhaa imo kwenye orodha ya Jumuiya, ushuru wa forodha hulipi. Watu wanapojichanganya ni hapa: cheti hicho kinajibu swali la ushuru tu. Cheti cha afya ya mimea na kibali cha kupeleka nje bado unadaiwa. Kila wiki naona mtu ameshika karatasi moja, anadhani amemaliza.

Mwenye kinu, Kitengela
Mnalia na karatasi za Kenya, na sisi Wakenya je? Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara za aina 15, na kununua mazao shambani imo. Nilikuwa naingia Kiteto mwenyewe, nachagua mahindi, nalipa mkononi. Hiyo ningejiandaa nayo vipi? Na itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu 2010!

Mwanzisha mada
Bosi, hapo sikubishii. Sumukuvu inapimwa, uraia wako haupimwi. Ila kama bado unataka mahindi ya Kiteto, usitafute Mtanzania wa kukufichia jina, maana amri ina adhabu hata kwa anayekusaidia. Tafuta anayenunua kwa mtaji wake na leseni yake, akuuzie akiwa Namanga, kwa mkataba wa maandishi unaosema wazi mzigo ukikataliwa nani anabeba hasara. Sisi wa mpakani tunaamini neno la mtu mpaka siku lori linaporudishwa.

Mwenye kinu, Kitengela
Bei yake itapanda basi. Atakayelipa ni mama anayenunua unga Kitengela.

Dalali, Kibaigwa
Na huo mtaji wake utoke wapi? Haya, kipima unyevu tunaweza kuchanga tukawa nacho kimoja sokoni, hilo nalichukua. Lakini mkulima amevuna kwenye mvua, ameanika chini kwenye udongo, sumukuvu imeanzia kwake. Kwa nini siku tisa za foleni ziwe zangu? Hilo hujanijibu.