Naombeni ushauri: fedha za kutafsiri riwaya ya Kikerewe kwenda Kiingereza zinapatikana wapi?

Biro Mbili: Wakuu, heshima kwenu. Nina riwaya ya Kikerewe, imeandikwa kwa mkono kwenye kauntabuku, haijawahi kuchapishwa. Nafundisha Kiingereza sekondari, na sura mbili za mwanzo nimeshazitafsiri. Nasikia kuna wafadhili wa nje wanaolipia tafsiri za lugha ndogo. Anayejua anielekeze, dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Matusi pembeni.

Mzee wa Busati: Kiingereza cha nini? Weka Kiswahili tusome. Mwandishi Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapaji, mwisho akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka 1980, mwaka uliofuata akafariki. Kiingereza kimekuja 2002, tena kwa mkono wa Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika.

Nyamizi: Mimi nilitafsiri kipeperushi cha malaria kwa Kisukuma, nikaahidiwa laki tatu. Mpaka leo nazungushwa. Shika hela kwanza mkuu.

Karani Mstaafu: Mtu kauliza fedha. PEN ya Marekani, chama cha waandishi, wana mfuko wa tafsiri wa PEN/Heim, upo tangu 2003. Anaomba mtafsiri mwenyewe, wa nchi yoyote, na hutoa dola elfu mbili hadi nne hivi. English PEN wana PEN Translates, ila kule anayeomba ni mchapishaji wa Uingereza, kwa hiyo umtafute kwanza. Ile ruzuku ya NEA, mfuko wa sanaa wa serikali ya Marekani, sahau. Ni ya raia na wakazi wa kudumu. Sasa Heim watataka barua ya mwenye hakimiliki. Mwandishi ni nani?

Biro Mbili: Mtu wa familia. Hilo halina shida.

Karani Mstaafu: Yuko hai? Ameridhia?

Biro Mbili: Yuko hai. Ni mama mkwe. Hajui.
Msinirukie. Nilienda kumsalimia nikakuta daftari moja limeshachanwa kurasa za kuwashia jiko. Nikaomba niende nayo "nikasome", akacheka, akanifungia kwenye kanga. Nikimwambia leo halafu hela zikakosekana, si nitakuwa nimempa presha bure? Na fomu nimeshaijaza nusu.

Kidume cha Tabata: Mimi mama mkwe akipiga simu nasimama wima ndipo napokea. Mwenzangu umebeba riwaya yake 😂

Mtumishi_Asiyechoka: Cha mtu mavi. Sheria ya Hakimiliki inasema kibali cha kutafsiri anatoa mwandishi, wala haina kifungu cha wakwe. Mkeo anasemaje?

Biro Mbili: Anajua nimebeba daftari.

Fukunyuku: Chai. Sukari imezidi. Juzi juzi mleta mada alikuwa na uzi humu anatafuta spea za bodaboda, leo ni mwalimu. Weka picha ya ukurasa mmoja tuamini.

Biro Mbili: Kwani mwalimu hamiliki bodaboda? Kwa mshahara upi? Picha siweki, mashemeji wamejaa humu na mwandiko wa mama yao wanaujua. Ila sikia: ameanza na biro ya bluu, katikati ya daftari la pili ikamwishia, akaendelea na nyekundu. Na kila mhusika anaposhuka ziwani, ameacha mistari miwili mitupu. Chai gani ina hayo?

Kidume cha Tabata: Nyekundu aliiba kwa mkwe mwalimu 😂

Mwana Bukindo: Subirini. Hiyo mistari mitupu si ndiyo sehemu ya wimbo? Bibi zetu wakisimulia, mtu akifika majini lazima aimbe. Kwenye zile sura zako mbili umeweka nini hapo?

Biro Mbili: Nimeruka.

Mwana Bukindo: Umeruka?!

Biro Mbili: Ningemuuliza baada ya hela kutoka.

Karani Mstaafu: Heim wanasoma sampuli ya tafsiri, na ndiyo inayokupa au kukunyima. Unapeleka yenye mapengo.

Fukunyuku: Mimi bado nasema chai, ila naisubiri ipoe.

Biro Mbili: Sawa, nimewasikia. Kwa sasa kwenye kipengele cha hakimiliki niandike nini?

Mwana Bukindo: Usiandike kitu. Panda meli ya Nansio, Ukerewe, ukamwambie mwenyewe, na kanga yake uirudishe.

Fukunyuku: Tiketi upige picha.