Naomba ushauri: maswali ya kasoro za hoja kwenye LSAT

Habari zenu wakuu. Niko hapa Dodoma, najiandaa na LSAT, ule mtihani wa kuombea chuo cha sheria Marekani. Tangu Agosti 2024 sehemu ya michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti) iliondolewa, kwa hiyo sehemu za hoja zenye alama ni mbili, dakika 35 kila moja. Huwezi kuzikwepa.

Ninapokwama ni maswali yanayotaka utaje kasoro ya hoja. Kasoro yenyewe naiona. Chukua mfano huu: "Kila shamba la zabibu lenye kisima huvunwa mara mbili kwa mwaka. Shamba hili huvunwa mara mbili, basi lina kisima." Hapana, huenda linatumia maji ya bwawa. Shida inaanza kwenye majibu. Moja linasema hoja "inachukulia kinachotosha kana kwamba ni cha lazima", jingine "inachukulia vinavyoambatana kana kwamba kimoja kimesababisha kingine". Nikisoma haraka, yote mawili yananivuta.

Nimejaribu kuandika kasoro kwa maneno yangu kabla ya kuangalia majibu. Bila saa inasaidia sana. Nikiweka saa, nabaki na majibu mawili na kubahatisha.

Waliopita njia hii, naombeni mnisaidie: mnalipimaje jibu la lugha nzito kama hiyo dhidi ya hoja yenyewe bila kupoteza muda? Na je, niendelee kwanza bila saa mpaka nizizoee kasoro, au nianze kujipima kwa dakika mapema?

Natanguliza shukrani.